Ua la Manjano Shambani: Lijue Kabla ya Kumkatia Ng'ombe

Mkulima, mvua ndefu zikiisha, tembea polepole katika shamba lako ukatazame kingo za mahindi, mitaro ya maji, kando ya njia na pembe za malisho. Katika nchi yetu ya juu hutakosa kuona maua ya manjano, mengine madogo kama kifungo cha shati, mengine mapana kama kikombe cha chai. Watoto huyachuma, nyuki huyazunguka, na watu wengi huyaita yote kwa jina moja tu: magugu ya manjano.

Jina hilo halitoshi. Katika maua hayo mna mimea ya namna nyingi. Mmoja ni gugu la kawaida linalonyang'anya mahindi chakula chake. Mwingine ni mboga. Mwingine ni mbolea nzuri ambayo hukuinunua. Na mwingine waweza kumwua ng'ombe wako wa maziwa polepole, miezi baada ya kuula, nawe usijue kilichomwua. Makala hii yataka kukuonyesha namna ya kuitenga mimea hiyo kwa macho na vidole vyako mwenyewe, bila chombo cho chote cha kununua.

KWA NINI JAMBO HILI LAKUHUSU WEWE

Wewe, au wazazi wako, mlipata shamba katika mradi wa makazi. Mpango mkubwa wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962 uliyagawa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu huko Kinangop, Uasin Gishu, Sotik na kwingineko yakawa mashamba ya jamaa moja moja. Wakulima wa kwanza walipewa ardhi kwa mkopo, na ilitazamiwa kwamba maziwa, pareto, mahindi na viazi ndivyo vitakavyoulipa. Tangu siku hizo mashamba mengi yamegawanywa tena kwa wana na wajukuu. Malisho yamekuwa haba. Ng'ombe wengi sasa hufugwa zizini, na majani yao hukatwa kando ya barabara, mtoni na ukingoni mwa msitu, kisha huletwa kwa mkokoteni, kwa baiskeli, au kwa kichwa.

Hapo ndipo hatari imezidi. Ng'ombe aliye malishoni huchagua. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, naye huila nyasi pembeni na kuuacha mmea mchungu umesimama. Lakini ng'ombe wa zizini hachagui sana, hula alicholetewa. Ukimkatia nyasi pamoja na magugu, ukavitia vyote katika mashine ya kukatia majani, ladha huchanganyika, naye hawezi kutenga kibaya na kizuri. Kazi ya kuchagua imetoka kinywani mwa ng'ombe ikaja mikononi mwako. Basi yakupasa uijue.

UA MOJA NI MAUA MENGI

Chuma ua moja la manjano ulipasue katikati kwa ukucha. Utaona kwamba lile uliloliita ua moja ni maua mengi madogo sana yaliyokaa pamoja juu ya kitako kimoja. Yale ya katikati yamesongamana kama mbegu katika alizeti. Yale ya pembeni, kwa mimea mingi, yana ulimi mmoja mrefu wa manjano unaotoka nje. Chini ya yote kuna kikombe cha kijani kinachoyashika.

Jamii hii ni kubwa mno. Alizeti imo, pareto imo, letasi imo, na kishona nguo kinachong'ang'ania suruali yako pia kimo. Kwa sababu maua yao yamejengwa kwa namna moja, ukitazama rangi peke yake utadanganyika kila siku. Rangi ya manjano haikuambii lo lote. Yakupasa kutazama mahali pengine.

ALAMA NNE ZA KUTAZAMA

Shika mmea mzima mkononi, pamoja na majani yake, ua lililofunguka na ua lililozeeka. Kisha jiulize maswali manne kwa taratibu hii.

Swali la kwanza: Je, una maziwa? Vunja shina. Mimea mingine hutoa utomvu mweupe kama maziwa mara moja. Mingine haitoi.

Swali la pili: Majani yamekaaje kwenye shina? Katika mimea mingine majani hukaa mawili mawili, moja huku na jingine ng'ambo yake, kama mikono miwili ya mtu iliyonyoshwa. Katika mingine hupishana, moja huku chini, jingine kule juu kidogo, kama nyayo za mtu anayetembea. Tazama sehemu ya chini na ya katikati ya shina, maana karibu na ua mambo huchanganyika.

Swali la tatu: Kikombe cha ua kimejengwaje? Geuza ua juu chini. Katika mimea mingine vijani vidogo vya kikombe vimepandana safu juu ya safu, kama vigae vya paa. Katika mingine vimesimama safu moja tu, vyote karibu kimo kimoja, bega kwa bega, kama fito za boma la kuku. Pengine utaona vingine vidogo sana chini kabisa, hivyo usivihesabu.

Swali la nne: Mbegu ina nini? Tafuta ua lililokauka ulifikiche kiganjani. Mbegu nyingine huwa na pamba nyeupe laini, na ukipuliza huruka na upepo. Nyingine huwa na miiba miwili au mitatu. Nyingine hazina kitu.

Alama moja peke yake haitoshi. Pareto majani yake hupishana, na mchunga pia hupishana, wala hakuna ubaya. Ni alama nne kwa pamoja zinazotoa ushahidi, kama mashahidi wanne wanaosema neno moja barazani.

MIMEA UTAKAYOIKUTA

Sasa twende shambani tukaitazame mmoja mmoja.

Mchunga. Ukivunja shina likatoa maziwa, na ua lote likawa ni ndimi tupu bila kile kifungo cha katikati, huenda ukawa umeshika mchunga au nduguye. Mbegu zake zina pamba. Watu wa pwani huupika kama mboga chungu, na wafugaji wengi wa sungura huuchuma. Mmea huu ni gugu katika viazi, lakini si adui tunayemsaka leo. Maziwa ya shina ndiyo yanayoutenga.

Kishona nguo. Huyu wamjua. Majani hukaa mawili mawili, ua lina kifungo cha manjano katikati, mara nyingine na ndimi nyeupe chache pembeni. Mbegu ni vijiti vyeusi vyenye miiba mwishoni, navyo hushika nguo na manyoya ya kondoo. Ng'oa kabla hakijatoa mbegu, maana mmea mmoja hutoa mbegu nyingi sana.

Bangi ya mwitu. Usichanganye na bangi inayokatazwa na sheria. Huu ni mmea mrefu wenye majani yaliyochanika chanika na viua vidogo vyembamba vya rangi ya maziwa ya manjano. Harufu yake kali hukaa mikononi hata baada ya kunawa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Pua yako itautambua kabla ya macho.

Alizeti mwitu. Wakulima wa magharibi waujua sana, maana wengi waliupanda uwe ua wa boma. Jina lake la kitaalamu ni Tithonia diversifolia, nao ulitoka Meksiko na nchi za jirani yake. Ni kichaka kirefu kuliko mtu, majani yake mapana yamegawanyika sehemu tatu au tano kama vidole, na maua yake ni makubwa ya manjano. Usiuchome moto. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu nyingi, nayo huoza upesi. Ukiyakatakata na kuyafukia katika udongo kabla ya kupanda, mahindi yatakushukuru.

Guizotia. Huu ndio ua la manjano ambalo wakulima wa nchi ya juu hulikuta kwa wingi kandokando ya mashamba na katika malisho yenye unyevu. Jina lake kamili ni Guizotia scabra, na neno la pili lina maana ya kukwaruza katika Kilatini. Pitisha kidole juu ya jani utaelewa kwa nini. Majani hukaa mawili mawili, hayana kikonyo, yameshika shina lenyewe. Ua lina ndimi nane hivi za manjano safi, na ncha ya kila ulimi ina meno madogo matatu. Mbegu ni nyeusi, wala hazina pamba. Ndugu yake wa karibu hulimwa Ethiopia na India kwa ajili ya mafuta ya mbegu zake. Guizotia hupenda kuingia katika mahindi na ngano na kula mbolea uliyoinunua kwa fedha, basi ni haki kuipalilia. Lakini haimo katika kundi la sumu ya ini tutakalolisema sasa.

Mpaka hapa huna sababu ya kuogopa. Sasa fika kwa yule wa mwisho.

YULE WA KUOGOPA: SENECIO

Shina halina maziwa. Majani hupishana. Kikombe cha ua ni safu moja ya fito zilizosimama bega kwa bega, na mara nyingi ncha zake ni nyeusi kama zimechovywa katika wino. Ua likikauka, mbegu zina pamba nyeupe laini inayoruka. Ukiona mambo haya manne pamoja na maua ya manjano, usiukate kwa ajili ya ng'ombe. Yaelekea umeshika mmea wa jamii ya Senecio au ndugu yake wa karibu.

Jamii hii ina namna nyingi ulimwenguni, nazo hazifanani kwa umbo. Nyingine ni magugu madogo ya mwaka mmoja yanayoota katika shamba lililolimwa. Nyingine hutambaa juu ya vichaka ukingoni mwa msitu. Baadhi yao hazina ndimi pembeni, basi ua lake ni kifungo cha manjano tu. Hata ile miti ya ajabu yenye vichwa vya majani mapana iliyo juu ya Mlima Kenya na Nyandarua iliwekwa zamani katika jina la Senecio. Siku hizi wataalamu huiita Dendrosenecio. Na kuna gugu dogo la mashambani lililokuwa likiitwa Senecio discifolius, ambalo sasa huitwa Emilia discifolia. Majina hubadilika katika vitabu, lakini alama nne za shambani hazibadiliki.

Si kila mmea wa jamii hii una sumu ya nguvu moja. Lakini mkulima hawezi kuipima sumu kwa macho, basi shauri la busara ni moja: wote usiwape wanyama.

SUMU HII HUFANYA KAZI NAMNA GANI

Sumu nyingine humwangusha ng'ombe siku ile ile, na mwenyewe akajua. Sumu ya Senecio si ya namna hiyo. Mwili wa ng'ombe huipeleka katika ini, na ini, likijaribu kuisaga, huigeuza kuwa kitu kikali kinachoharibu chembe za ini lenyewe. Leo anakula kidogo, ini linaumia kidogo. Kesho kidogo tena. Madhara hujikusanya kama deni dukani ambalo kila siku huandikwa senti chache. Ini huwa gumu na kusinyaa, na siku linaposhindwa kabisa, pengine wiki nyingi au miezi imepita tangu ng'ombe ale mmea ule. Mwenyewe hutafuta sababu katika malisho ya wiki hii, kumbe sababu ililiwa wakati wa kiangazi kilichopita.

Ng'ombe na farasi hudhurika zaidi. Kondoo na mbuzi hustahimili kuliko wao, lakini kustahimili si kusema hawadhuriki. Ndama na wanyama wachanga huumia upesi kuliko wakubwa. Tena sumu kidogo yaweza kupita katika maziwa.

Kumbuka neno hili vizuri: kukausha hakuondoi sumu. Mmea uliokauka katika nyasi za akiba bado una sumu, na ule uliofukiwa katika shimo la saileji pia huweza kubaki nayo. Tena ukikauka uchungu wake hupungua, na ng'ombe aliyeukataa mbichi ataula bila shaka katika robota la nyasi. Kwa hiyo nyasi kavu zilizo na Senecio ni hatari kuliko malisho yenye Senecio iliyosimama.

NCHI NYINGINE ZILIJIFUNZA KWA HASARA

Katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada, ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa ini ulioitwa ugonjwa wa Pictou, kwa jina la mahali ulipoonekana. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na ng'ombe wakauawa ili usienee. Mwanzoni mwa karne ya 20 majaribio ya kuwalisha ng'ombe mmea wa Senecio jacobaea yalionyesha kwamba chanzo kilikuwa katika nyasi. Huko New Zealand ugonjwa huo huo uliitwa wa Winton. Huko Afrika Kusini uliitwa wa Molteno, nao ulitokana na Senecio nyingine ya nchi ile. Nchi tatu, majina matatu, na adui mmoja. Uingereza ilipopitisha sheria yake ya magugu mwaka 1959, mmea huo wa manjano ulitajwa kati ya magugu matano ambayo mwenye shamba aweza kuamriwa kuyazuia yasienee.

Wala si ng'ombe tu. Mwaka 1920 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za watu walioharibika ini kwa kula mkate wa ngano iliyochanganyika na Senecio. Ikiwa unalima ngano, au unanunua nafaka isiyopepetwa, habari hii yakuhusu pia.

DALILI ZA NG'OMBE ALIYEDHURIKA

Ng'ombe hukonda ingawa anapewa chakula. Maziwa hupungua. Manyoya husimama na kukosa mng'ao. Baadaye huharisha, tena hujikamua sana kama anayetaka kunya akashindwa, hata nyama ya ndani ya mkundu hutokea nje. Tumbo laweza kujaa maji. Utando wa macho na ufizi waweza kuwa wa manjano. Ngozi yenye manyoya meupe yaweza kuungua na jua. Wengine hutembea bila kuona njia, hugonga ua, au mnyama mpole akawa mkali. Mara nyingi hakuna homa.

Lakini jihadhari usijifanye daktari. Ndigana baridi pia huleta umanjano, ila mara nyingi huanza kwa homa. Minyoo ya ini pia humkondesha ng'ombe na kumharibu ini. Ndiyo sababu yafaa umwite daktari wa mifugo mapema, umwonyeshe ng'ombe pamoja na majani unayomlisha. Mnyama akifa, mwombe daktari afungue maiti. Ini lililo gumu, na maji tumboni, ni habari itakayowaokoa wale waliobaki. Kuzika bila kutazama ni kuzika ushahidi.

Hatukufichi neno: ini likisha kuharibika hivyo, hakuna dawa ya kulirudisha. Dawa za kununua njiani zitakumaliza fedha tu. Tiba ya ugonjwa huu ni kuuzuia.

LA KUFANYA SASA

1. Kabla ya kukata majani, tazama mahali unapokata. Usifyeke kwa giza la alfajiri mahali usipopajua. Mtoto au kibarua anayetumwa kukata majani aonyeshwe mmea huu kwa mkono, asielezwe kwa maneno tu.

2. Tandaza majani chini kabla ya kuyatia katika mashine. Dakika tano za kuchagua ni rahisi kuliko bei ya mtamba.

3. Ukinunua nyasi kavu, fungua robota moja mbele ya mwuzaji. Ukiona vikombe vya maua vyenye safu moja na pamba nyeupe nyingi, usinunue.

4. Ng'oa Senecio wakati udongo una unyevu, pamoja na mizizi, kabla ya ua kuwa pamba. Vaa glavu, au funga mikono kwa mfuko wa nailoni. Kusanya mimea yote uichome au uifukie mbali na wanyama. Usiiache imenyauka malishoni, maana hapo ndipo ng'ombe huila, wala usiitupe kwenye kihori.

5. Ukitumia dawa ya kuua magugu, soma karatasi yake na kuifuata. Wanyama wasiingie mahali pale mpaka mimea iwe imekufa na kuozeana kabisa, kwa kuwa mmea unaokufa hupungua uchungu lakini sumu imo. Kumbuka pia kwamba dawa za kuua magugu ya majani mapana huua maharagwe, viazi na pareto.

6. Tunza nyasi zako. Senecio hupata nafasi palipo na udongo mtupu. Malisho yaliyoliwa mpaka udongo ukaonekana ni kitanda kilichotandikwa kwa ajili yake. Gawa malisho sehemu sehemu uyapumzishe, na upande nyasi za mabingobingo au za Rhodes uwe na chakula cha kutosha wakati wa kiangazi. Ng'ombe mwenye njaa hachagui, na mkulima asiye na majani pia hachagui.

7. Semezana na jirani. Pamba ya mbegu haijui mpaka wa shamba. Ukisafisha lako na la jirani likabaki limejaa, mwakani utaanza tena. Hili ni jambo la kuzungumzwa katika chama cha ushirika na katika baraza.

UKIWA NA SHAKA, PELEKA MMEA

Hakuna aibu kutojua jina la mmea. Hata wataalamu hushika mmea mkononi wakaulinganisha na mingine kabla ya kusema. Lakini ukipeleka ua moja lililonyauka mfukoni, hakuna atakayeweza kukusaidia. Fanya hivi.

Ng'oa mmea mzima wenye mzizi, majani ya chini, majani ya juu, ua lililofunguka, na ua lililotoa mbegu. Utandaze kati ya kurasa za gazeti kuukuu, majani yasikunjane, na jani moja uligeuze tumbo juu. Weka kitu kizito juu yake, na ubadili karatasi kila siku mpaka mmea ukauke. Katika kipande cha karatasi andika mahali ulipoutoa, tarehe, kimo chake, rangi ya ua lilipokuwa bichi, kama ulikuwa malishoni, katika mahindi au ukingoni mwa msitu, na jina unaloitwa kwa lugha ya kwenu. Rangi hupotea ikikauka, basi usiache kuiandika.

Mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, au daktari wa mifugo. Naye akishindwa, aweza kuupeleka katika hifadhi ya mimea iliyoko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Hifadhi hiyo ilianza Amani, huko Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na humo mna mimea iliyokaushwa kwa wingi sana kutoka Afrika Mashariki yote, kila mmoja na jina lake. Mmea wako utalinganishwa na hiyo.

NENO LA MWISHO

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mmea mmoja wa Senecio uliong'olewa leo ni ufa uliozibwa. Mia moja walioachwa watoe pamba ni ukuta utakaoujenga kwa fedha ya maziwa, na labda kwa ng'ombe mwenyewe.

Basi leo jioni, kabla ya kukata majani ya kesho, mchukue mtoto wako mkubwa mwende ukingoni mwa shamba. Chumeni kila ua la manjano mtakaloliona, la namna mbalimbali, mkayapange juu ya gunia. Vunjeni shina mtazame maziwa. Tazameni majani, mawili mawili au ya kupishana. Geuzeni kikombe. Fikicheni mbegu. Mkiisha kufanya hivyo mara mbili tatu, hamtahitaji tena kuulizwa wala kuuliza, na kihori cha ng'ombe wenu kitakuwa na mlinzi zaidi ya mmoja.